Utafiti wa Kabatini Haubebi Abiria

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.

Juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mkazi wa mjini analijua kwa miguu yake, kwa mgongo wake na kwa mfuko wake. Nalo ni usafiri wa umma. Lakini sitazungumzia foleni, maana foleni haihitaji kuhadithiwa. Nataka tuutazame upande ambao hauonekani barabarani, yaani upande wa elimu. Nani anayejua jinsi mabasi yetu yanavyokwenda? Amejuaje? Na akishajua, anamwambia nani?

Huenda maswali haya yakaonekana ni ya watu walioshiba. Mtu aliyesimama kituoni saa 11 za alfajiri hataki utafiti, anataka basi. Ni kweli kabisa. Ila basi hilo lisipokuja, ukifuatilia sababu yake hatua kwa hatua, mara nyingi utafika mahali ambapo kuna mtu aliyelijua tatizo mapema na hakuulizwa, au aliliandika na maandishi yake hayakusomwa. Kabwela ndiye anayelipia ujinga huo, na analipa kila siku.

Tuanzie Dar es Salaam. Mwaka 1970 serikali ilitaifisha kampuni ya mabasi ya jiji iliyoitwa DMT, na mwaka 1974 kampuni hiyo ikagawanywa: UDA ikashika usafiri wa mjini, na KAMATA ikashika mabasi ya mikoani. Baadaye uchumi ukaenda mrama, vipuri vikaadimika, mabasi yakalazwa juu ya mawe. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria kihalali. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu walikuwa wakiiita dala, basi magari hayo yakapata jina ambalo hata leo hayajaliacha: daladala.

Sasa zingatia jambo moja ambalo aghalabu halisemwi. Shirika la mabasi, pamoja na udhaifu wake wote, huwa lina ofisi, ratiba na vitabu vya tiketi. Kila tiketi inayokatwa ni takwimu: inasema abiria alipanda wapi, saa ngapi, akalipa kiasi gani. Usafiri ulipohamia kwenye daladala, elimu hiyo nayo ilihama. Ilitoka kwenye mafaili ikaingia kichwani mwa dereva na konda. Konda ndiye aliyejua kituo gani hujaa mvua inaponyesha, mtaa gani mpya umekuwa na watu wengi kuliko mwaka jana, na saa ngapi gari hurudi tupu. Mtaa ukichipuka pembezoni mwa jiji, daladala ilifika kabla ya lami, kabla ya bomba la maji, na kabla ya mpima ramani. Tuseme ukweli: kwa miaka mingi watafiti wakubwa wa usafiri wa Dar es Salaam walikuwa makonda. Kasoro ni kwamba utafiti wao haukuandikwa popote, na konda alipoacha kazi aliondoka nao.

Walikuwapo pia wasomi waliotafiti kwa kalamu. Mmoja wao ni Matteo Rizzo, ambaye alianza kuwachunguza wafanyakazi wa daladala za Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2017 akatoa kitabu kiitwacho Taken for a Ride. Jambo kubwa analolieleza ni lile ambalo kila konda analijua, lakini ambalo mikutano mingi ya usalama barabarani imelipita kando. Dereva na konda, wengi wao, hawana mkataba wala mshahara. Mwenye gari anadai hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha kila siku, watu wapande wasipande. Dereva akishatoa hesabu, na mafuta, na vijigharama vya njiani, kinachobaki ndicho riziki yake na ya konda wake. Kisipobaki kitu, wamefanya kazi bure.

Ukishaijua hesabu, msikilizaji, mambo mengi yanayokukera yanajieleza yenyewe. Kwa nini dereva anakimbia kama anafukuzwa? Kwa sababu kweli anafukuzwa, na hesabu. Kwa nini gari linajazwa mpaka mlango haufungi? Kwa nini safari inakatishwa njiani na abiria wanaambiwa washuke? Kwa nini mwanafunzi mwenye nauli yake pungufu anasukumwa mlangoni kama mwizi? Tumezoea kujibu kwamba madereva hawana adabu. Basi tunaleta semina za adabu. Tunaleta faini. Mwaka unakwisha, madereva ni wale wale na mwendo ni ule ule, kwa kuwa faini nayo inaongezwa juu ya hesabu, na dereva anazidi kukimbia ili aifidie.

Hapa ndipo penye faida ya kujuana na miji mingine. Huko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, zamani mabasi ya watu binafsi yalikuwa yakigombania abiria barabarani kwa sababu dereva alilipwa kulingana na vichwa alivyobeba. Wenyeji waliita hali hiyo vita ya senti. Sisi na watu wa Kolombia hatuna lugha moja, hatuna bahari moja, lakini ugonjwa wetu ulikuwa mmoja. Na wao waligundua kwamba dawa yake haikuwa mahubiri. Dawa ilikuwa kubadili namna ya malipo: mfumo mpya ulipoanza, kampuni zikalipwa zaidi kwa kilometa zilizokwenda kwa ratiba, na dereva akapewa mshahara. Mtu asiyelipwa kwa kichwa hana haja ya kugombania kichwa.

Sasa tuufuate mfumo huo mpya, maana una safari ndefu ya kuvutia. Ulianzia Curitiba, nchini Brazili. Mwaka 1971 msanifu majengo Jaime Lerner aliteuliwa kuwa meya wa mji huo. Mji ulikuwa unakua upesi, na fedha za reli za chini ya ardhi hazikuwapo. Yeye na wenzake wakajiuliza: hivi kinachofanya treni iwe nzuri ni chuma chake, au ni kule kuwa na njia yake peke yake? Mwaka 1974 wakatenga njia za mabasi katikati ya barabara kuu. Mwaka 1991 wakaongeza vituo vya mfano wa bomba la kioo, ambapo abiria analipa nauli kabla basi halijafika, na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Kumbe muda mwingi wa safari ulikuwa unapotea mlangoni, watu wakipanda ngazi na kutafuta chenji.

Wakuu wa Bogotá walijifunza kutoka Curitiba, lakini hawakunakili kama mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani. Waliona kwamba basi moja likisimama kituoni, yote yaliyo nyuma yake husimama. Basi wao wakajenga njia ya kupitana vituoni. Mfumo wao, TransMilenio, ulianza Desemba 2000 wakati Enrique Peñalosa akiwa meya, na kwa sababu ya njia hizo za kupitana uliweza kubeba abiria zaidi ya 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, idadi ambayo wengi walidhani treni tu ndiyo inaiweza.

Elimu hiyo ikavuka bahari. Mwaka 2008 Lagos, nchini Nigeria, ikafungua njia yake ya kilometa 22. Lagos hawakuwa na fedha za Bogotá, kwa hiyo walijenga kitu chepesi zaidi, penye nafasi wakatenga njia, pasipo na nafasi wakaacha mabasi yachanganyike na magari mengine. Lakini walifanya jambo moja la busara. Chama cha wafanyakazi wa usafiri wa barabarani, ambacho kingeweza kuupinga mradi mpaka ukafa, kilishirikishwa, na ushirika wa wanachama wake ukawa miongoni mwa walioendesha mabasi hayo. Mwaka uliofuata Johannesburg nayo ikaanza mfumo wake, na huko wenye teksi za abiria wakawa wanahisa wa kampuni ya mabasi.

Unaona, ndugu msikilizaji? Kila mji ulipokea, ukapima, ukapunguza hapa, ukaongeza pale. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ila nguo ya kuazima ukiipeleka kwa fundi akaipunguza kwa kipimo chako, inasitiri vizuri tu. Utafiti ndio fundi mwenyewe.

Zamu yetu ilifika Mei 2016, pale mabasi yaendayo haraka, ambayo wananchi wameyabatiza jina la mwendokasi, yalipoanza kazi katika barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo, jumla kilometa 21 hivi. Aliyekuwa akitumia saa mbili kutoka Kimara alishangaa kufika mjini hata gazeti hajalimaliza. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, ikiwa ni mji wa kwanza wa Afrika kuipata, na mwezi Juni mwaka huo wataalamu kutoka nchi mbalimbali wakakusanyika hapa kujifunza kwetu. Lilikuwa jambo la kujivunia. Waliokuwa wanafunzi wakageuka walimu.

Lakini mwalimu mzuri hufundisha pia yale yaliyomshinda. Na sisi tunayo mawili ambayo ni mali kubwa kwa mji wowote utakaotufuata, endapo tutayasema bila haya.

La kwanza ni hesabu, safari hii hesabu ya darasani. Chukua basi refu la mita 18 linalobeba watu wapatao 150. Likipita kila baada ya dakika 5, kwa saa moja yatapita mabasi 12, nayo yatabeba watu 1,800. Idadi hiyo haizidi watu ambao njia moja ya magari ya kawaida ingeweza kuwapitisha. Basi lile lile likipita kila dakika moja, yatapita mabasi 60, nayo yatabeba watu 9,000. Barabara ni ile ile, zege ni lile lile, mkopo ni ule ule. Kilichobadilika ni idadi ya mabasi tu. Huduma yetu ilianza na mabasi 140 kama huduma ya mpito, pungufu sana ya idadi iliyokusudiwa kwa awamu nzima. Kwa hiyo yule abiria wa Kimara aliyefurahi mwaka 2016, baada ya muda alijikuta amebanwa kituoni akiyahesabu mabasi yanayompita yakiwa yamejaa. Na njia ya Mbagala ilipojengwa, tukaona tena barabara ikitangulia na mabasi yakichelewa. Somo hili la pili lilikuwa limekwisha kuandikwa na somo la kwanza. Barabara haibebi watu, mabasi ndiyo yanayobeba.

Bogotá yenyewe iliwahi kulipia somo la namna hiyo. Mfumo uliosifiwa dunia nzima uliachwa ukajaa kupita kiasi, na mwezi Machi 2012 maandamano ya watu wenye hasira yalisababisha vituo kuvunjwa. Sifa za jana hazimsafirishi abiria wa leo.

La pili ni la Jangwani. Mkazi yeyote wa Magomeni au Kigogo anajua kwamba bonde la Msimbazi ni la mto, na kwamba mto hukopesha tu ardhi yake, hauiuzi. Desemba 2011 mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyoua watu na kubomoa makazi katika bonde hilo, na serikali ikazihamishia familia nyingi Mabwepande. Jambo hilo halikuwa siri. Magazeti yote yaliliandika. Hata hivyo karakana kuu ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa bondeni humo humo. Mvua kubwa zilipofuata, mwaka 2018 na miaka mingine, maji yaliingia kwenye karakana, mabasi yakaharibika, na mara kadhaa huduma ikakatika kati ya Magomeni na Fire kwa kuwa barabara ilikuwa imegeuka mto. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi, na ndani yake limo daraja jipya la Jangwani na kuihamisha karakana hiyo. Fedha hizo ni mkopo, na mkopo hulipwa na mimi na wewe.

Sisemi kwamba wahandisi wetu ni wajinga. Hata kidogo. Ninachosema ni kwamba elimu ya mafuriko ilikuwa katika chumba kimoja, na elimu ya mabasi katika chumba kingine, na baina ya vyumba hivyo mlango ulikuwa umefungwa. Bibi aliyekaa bondeni miaka 30 angeweza kumwonyesha mhandisi alama ya maji ukutani kwake. Na kweli baadaye walikuja vijana waliokwenda kumwuliza bibi huyo. Mwaka 2015 ulianza mradi ulioitwa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi, wakishirikiana na wananchi wa mitaa husika, walichora ramani za mitaa inayofurika: nyumba zilipo, mitaro ilipo, na maji yalikofika. Ramani hizo ziliwekwa wazi kwa mtu yeyote kuzitumia bila malipo. Huo ndio utafiti ninaoutaka. Unaanzia kwa mwenyeji, unapita kwa msomi, unarudi kwa mwenyeji.

Jirani zetu wa Nairobi nao wanatupa mfano mzuri, na mfano huo una chanzo cha mbali kidogo. Mwaka 2005, katika mji wa Portland nchini Marekani, mfanyakazi mmoja wa shirika la mabasi la mji huo aitwaye Bibiana McHugh alikerwa na jambo dogo: kwenye kompyuta ilikuwa rahisi kupata maelekezo ya kuendesha gari, lakini maelekezo ya kupanda basi hayakuwapo. Akawaandikia watu wa kampuni ya Google, wakakubaliana namna moja rahisi ya kuandika vituo, njia na nyakati za mabasi. Namna hiyo ikatangazwa wazi ili mji wowote duniani uitumie bure. Mwandishi wa ratiba mjini Portland hakujua kwamba alikuwa anamwekea akiba abiria wa Nairobi.

Ila matatu za Nairobi hazina ratiba. Zinaondoka zikijaa, na abiria hushushwa anapotaka. Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo vya Marekani, walipofanya jambo lililohitaji nauli kuliko mashine. Vijana walipanda matatu, simu mikononi, njia moja baada ya nyingine, wakiandika kila mahali gari liliposimama. Wakapata njia zaidi ya 130. Ile namna ya Portland waliilegeza kidogo ili ikubali gari lisilo na ratiba. Mwaka 2014 wakatoa ramani ya matatu za Nairobi iliyochorwa kwa rangi mithili ya ramani za treni za Ulaya, na mwaka 2015 taarifa hizo zikaingia kwenye ramani za simu ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua. Miji mingine kama Accra huko Ghana na Managua huko Nikaragua nayo imechorwa kwa mtindo huo huo.

Nini kilionekana kwenye ramani ile? Ilionekana kwamba karibu njia zote zinakwenda katikati ya mji, hivi kwamba mtu wa mashariki anayetaka kwenda kaskazini hana budi kupitia mjini kwanza, akiongeza msongamano asioutaka. Kila abiria alikuwa analijua hilo kwa safari yake mwenyewe. Lakini abiria mmoja mmoja hana sauti. Walipoonekana wote kwenye karatasi moja, ikawa hoja.

Sasa tugeukie kwetu. Tunacho Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo tangu mwaka 1975. Tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 1986. Tunavyo vyuo vikuu ambavyo kila mwaka wanafunzi wake huandika tasnifu juu ya daladala, bodaboda, ajali na foleni. Mwanafunzi huenda stendi, anawahoji watu, anahesabu magari juani, anarudi, anaandika kwa Kiingereza, anapewa alama zake, anavaa joho, anapigwa picha. Na ile tasnifu? Inapandishwa rafu ya juu kabisa, inakula vumbi. Mwaka wa tatu mwanafunzi mwingine anakwenda stendi ile ile, anawauliza makonda wale wale maswali yale yale. Konda anamwambia: wewe ni wa ngapi, mdogo wangu? Na mshauri wa kigeni akija, naye analipwa ili ahesabu upya, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba imekwisha kuhesabiwa.

Nina mapendekezo manne, wala hayahitaji mkopo.

Kwanza, utafiti wowote wa usafiri uliolipiwa kwa fedha ya umma, au kwa mkopo utakaolipwa na umma, utolewe wazi, tena muhtasari wake uwe kwa Kiswahili chepesi. Kurasa 4 zinatosha. Dereva anajua kusoma. Mwenyekiti wa mtaa anajua kusoma. Wasichokijua ni lugha ya ripoti.

Pili, mtafiti arudi stendi. Akishamaliza kazi yake aende kwa wale aliowahoji, awaambie alichokiona, nao wamsahihishe. Atakuta kwamba baadhi ya majibu aliyopewa yalikuwa ya kumwondoa tu ili gari liondoke.

Tatu, tuhesabu watu wote, siyo wale wa asubuhi na jioni peke yao. Mipango mingi humtazama mfanyakazi wa ofisini anayekwenda mjini saa 1 na kurudi saa 11. Lakini mchuuzi wa samaki atokaye Feri na ndoo yake saa 4 asubuhi ni abiria pia. Mama anayempeleka mtoto kliniki ni abiria. Mwanafunzi ni abiria. Mtu wa kiti cha magurudumu ni abiria, hata kama humwoni kituoni, na humwoni kwa sababu kituo hakifikiki. Na konda aliyeondolewa barabarani njia mpya ilipofunguliwa, huyo naye ahesabiwe: alikuwa nani, amekwenda wapi, anaishije? Lagos na Johannesburg waliliuliza swali hilo mapema.

Nne, Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma zianze sasa. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Dar es Salaam ina watu milioni 4.3, na ile ya 2022 ikakuta milioni 5.3. Ongezeko la watu milioni moja katika miaka 10 si jambo la kusubiri mpaka liwe foleni ndipo likapimwe. Mji ulio mdogo leo ndio wenye nafasi ya kutenga njia ya mabasi kabla hapajajengwa ghorofa. Kuhesabu abiria wa hiace na bodaboda kwa juma moja ni kazi ambayo wanafunzi wa chuo chochote wanaiweza, wakisimamiwa vizuri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wapo watakaosema: bwana, takwimu za mabasi ni siri ya biashara. Jibu langu ni kwamba faida ya kampuni inaweza kuwa siri, lakini idadi ya watu waliobaki kituoni haiwezi kuwa siri, maana wao wenyewe wanaona. Wapo pia watakaosema kwamba tumekwisha kutuma ujumbe Bogotá, tumetuma Curitiba, tumetuma wapi sijui. Vema. Safari ni nzuri. Lakini aliyesafiri kwa fedha ya umma akirudi na picha na posho tu, hajatuletea kitu. Tumwulize mambo matatu: umeona nini kilichofanikiwa, umeona nini kilichoshindikana, na nani hapa nyumbani umeshamweleza? Akishindwa kujibu la tatu, safari ijayo tumtume konda. Huyo angalau anajua cha kuuliza.

Ndugu msikilizaji, mji haujengwi na saruji peke yake. Unajengwa na kumbukumbu. Mji usiokumbuka ulichojifunza hulipa ada ya darasa lile lile kila mwaka bila kupanda darasa. Na kwa kuwa wanaolipa ada hiyo ni wale wanaoning'inia mlangoni, hao ndio wenye haki ya kwanza ya kudai madaftari yafunguliwe. Kwa hiyo siku utakapomwona kijana na karatasi yake kituoni akihesabu magari, usimpuuze na wala usimdanganye. Mjibu kweli, halafu nawe umwulize lini atakuletea majibu.